Tiba Asili, Maabara na Sharia: Mafunzo kutoka Ardhi ya Biharamulo

Utangulizi

Nyakahura ni kata ya wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, upande wa kuelekea Ngara. Wanaishi huko Washubi, Wahangaza, Waha, Wasukuma na wengineo, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu. Mtu akiugua katika maeneo kama haya huwa na milango mitatu mbele yake: zahanati, duka la dawa, na nyumba ya mganga. Mara nyingi huipita yote mitatu. Swali linaloamua uhai wake ni mlango upi ameutangulia, na amekawia kwa muda gani kabla ya kuufikia ule uliomfaa.

Ndugu msomaji, makala hii haikuandikwa kuwatukana waganga wa tiba asili, wala kuifanya hospitali kuwa kitu kisichokosea. Tunataka kueleza mambo mawili. Kwanza, wanavyuoni wa tiba wa leo wanapoutafiti mti wa dawa, wanafanya nini hasa? Pili, fuqahaa wetu walisema nini juu ya mgonjwa, tabibu na dawa? Tutaona, inshaallah, kwamba njia hizi mbili zinakutana mahali pengi kuliko wanavyodhani watu.

Yaliyotokea Biharamulo

Mwezi Disemba 2024 mwanamke mmoja wilayani Biharamulo alipatwa na homa, kisha akafariki. Wengine wakafuatia. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa linashuku ugonjwa wa Marburg. Sampuli za mwanzo zilipopimwa hazikuonyesha kirusi. Kisha tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mjini Dodoma kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliohesabiwa kuwa yumkini walikuwa nao. Wote kumi walifariki. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza mkoani Kagera. Mwezi Machi 2023 ugonjwa huo huo ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba Vijijini, ukawapata watu tisa na kuwaua sita, kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo.

Kirusi cha Marburg kilijulikana mwaka 1967, pale wafanyakazi wa maabara za Ujerumani na Yugoslavia walipougua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na saba wakafa. Makazi yake ya asili ni popo wala matunda wakaao mapangoni. Kikishaingia kwa mwanadamu, huenda kwa mwingine kwa njia ya damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili hutokea baina ya siku 2 na 21. Mpaka hapo Biharamulo hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yake.

Hatari yake kubwa ni kwamba huanza kama malaria: homa, kichwa, viungo kuuma, kutapika, kuhara. Na Kagera ni nchi ya malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 uliwakuta na vimelea vya malaria watoto 41 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani humo, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote wakati ule. Kiwango kimeshuka baadaye, lakini mazoea yamebaki: homa ni homa, na kila nyumba ina mti wake wa homa. Mganga anayemchanja mtu chale kwa wembe akidhani ana malaria au ametupiwa jini, huenda akawa ameyagusa mauti yake mwenyewe. Mwaka 2014, katika wilaya ya Kailahun nchini Sierra Leone, mganga mmoja mwanamke aliyekuwa akiwapokea wagonjwa wa Ebola kutoka ng'ambo ya mpaka aliugua na kufa. Watu wengi waliohudhuria maziko yake waliambukizwa, na maradhi yakasambaa nchini.

Hukumu ya kujitibu

Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaamrisha Masahaba wake wajitibu, na akawafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, ajuaye aijue na asiyejua asiijue. Mafundisho haya yana faida mbili. Ya kwanza, kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ya pili, dawa ipo lakini si kila mtu anaijua. Basi kuna kazi ya kuitafuta, na kazi hiyo ndiyo utafiti.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kujitibu kwa asili yake ni sunna. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Jidda mwezi Mei 1992 lilipambanua zaidi. Lilisema kujitibu huwa ni wajibu ikiwa kuacha kunapelekea kuangamia nafsi, kupotea kiungo au kulemaa, au ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza na madhara yake huenda kwa wengine. Kwa hiyo mwenye homa ya kushukiwa Marburg, akijificha ndani kwa kuogopa kutengwa, hakosei juu ya mwili wake tu, bali anakosea juu ya haki za majirani zake.

Imam Ghazali (amefariki 505 Hijria, sawa na 1111) aliuhesabu utabibu katika faradhi za kutosheleza: wakiwapo watu wa kutosha wanaoujua, dhambi huwaondokea wengine, wasipokuwapo, mji mzima unapata dhambi. Tujiulize, katika vijiji vyetu vya pembezoni, ni vijana wangapi tunaowasomesha udaktari, uuguzi na ufundi wa maabara, ukilinganisha na wale tunaowalalamikia kuwa hawapo?

Si kila aitwaye mganga ni mmoja

Neno "mganga" limebeba watu wa namna tatu, na kuwachanganya ni chanzo cha makosa mengi.

1. Mjuzi wa miti shamba. Huyu anajua majani, mizizi na magome, na pengine kuunga mifupa. Kazi yake kwa asili ni halali, na hukumu yake ni hukumu ya tabibu yeyote.

2. Msomaji wa ruqya. Masahaba waliokuwa na ruqya za zama za ujahili walimuuliza Mtume (S.A.W.) juu yake. Naye aliwataka kwanza wamwonyeshe wanayoyasoma, kisha akabainisha kwamba hapana ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Tuzingatie sana: hakuikataa kwa jumla wala hakuikubali kwa jumla. Alitaka ionyeshwe, kisha ikapimwa.

3. Mpiga ramli na mdai ghaibu. Huyu hutaja aliyekuroga, huagiza kafara, na hukujaza chuki dhidi ya jirani au mama mkwe. Kumwendea na kumsadiki ni haramu kwa makubaliano ya wanavyuoni. Na madhara yake si ya akhera tu. Kanda ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi na watu wenye ualbino wakiuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mkoani humo humo Kagera, aliuawa mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu.

Sheria ya nchi nayo imejaribu kupambanua. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la kusajili waganga na kusimamia kazi zao. Cheti cha usajili hakithibitishi kwamba dawa inaponya. Kinathibitisha kwamba mwenye nacho anajulikana na anaweza kuulizwa.

Utafiti wa dawa ni kitu gani?

Wengi hudhani kupima dawa kumeletwa na Wazungu. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037), katika kitabu chake cha Qanun, aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake: dawa iwe safi, haikubadilishwa na joto au baridi ya nje, ijaribiwe kwa mwenye ugonjwa mmoja, si mwenye magonjwa yaliyochanganyika, muda wa kufanya kazi kwake utazamwe, athari yake ionekane daima au mara nyingi, kwani litokealo mara moja huenda likawa la sadfa, na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa sababu kilichomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Miaka mia mbili baadaye Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alizunguka nchi nyingi akikusanya habari za mimea, akaandika juu ya dawa na vyakula vipatavyo 1,400.

Watafiti wa leo hupita hatua hizi:

Kwanza, huwauliza wenye ujuzi. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, walizunguka Kagera katika miaka ya 2000, pamoja na wenzao, wakaandika dawa za kata za Bugabo na Katoro na za kijiji cha Kikuku, Muleba. Matokeo yalichapishwa baina ya mwaka 2009 na 2012. Waliandika jina la mti kwa lugha ya wenyeji, sehemu inayotumika, jinsi ya kuandaa na ugonjwa unaotibiwa.

Pili, mti huchunwa, hukaushwa na kutambuliwa kwa jina lake la kitaalamu. Hatua hii ina umuhimu mkubwa, kwani jina moja la kienyeji huweza kuwa la miti miwili, mmoja dawa na mwingine sumu.

Tatu, huchunguzwa sumu yake. Husemwa mitaani kwamba dawa ya asili haina madhara. Maneno haya si sahihi. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliandika habari za wanawake walioharibika figo baada ya kunywa dawa ya kupunguza mwili iliyotiwa mimea ya Kichina. Mmea uliowadhuru ni wa jamii ya Aristolochia, nao ulikuwa wa asili kabisa.

Nne, hujaribiwa kwa watu kwa hiari yao, kwa kulinganisha. Kundi moja hupewa dawa inayojaribiwa, jingine hupewa dawa iliyozoeleka. Bila ya mlinganisho hatujui aliyepona amepona kwa dawa, au homa ilikuwa inaondoka yenyewe.

Je, njia hii inazaa matunda? Naam. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha tiba cha karne ya nne kwamba mmea fulani wa homa hulowekwa katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba kuuchemsha huenda kunaiharibu dawa. Mwaka 1971 aliikamua kwa joto dogo, ikaua vimelea vya malaria. Humo ndimo ilimotoka artemisinini, asili ya dawa mseto zinazotolewa leo katika zahanati zetu, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya mababu ilikuwa kweli, lakini haikuokoa mamilioni mpaka ilipotolewa kitabuni, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake.

Kinyume chake tulikiona Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Maelfu walisafiri kunywa kikombe cha shilingi 500 wakiamini kinatibu ukimwi, kisukari na kansa. Baadhi walifia njiani na kwenye foleni. Wengine waliacha dawa zao za hospitali. Shahidi wa ponya ile walikuwa wasafiri wenye matumaini, na si kipimo.

Dhamana ya anayetibu

Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Dawud na wengineo kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa anayejifanya tabibu na hali hakujulikana kwa utabibu kabla yake, huyo ni mdhamini wa madhara anayoyaleta. Juu ya msingi huu fuqahaa walijenga mlango mzima. Tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na mgonjwa na asivuke mipaka ya kazi yake, hadhamini ikiwa madhara yametokea bila ya uzembe wake. Lakini asiyejua, akimhadaa mgonjwa kwamba anajua, anadhamini na kulipa. Ibn al-Qayyim (amefariki 1350) aliyapambanua haya kwa urefu katika Zaad al-Maad.

Tuchukue mfano wa kudhania. Mtoto wa miaka miwili ameshikwa na degedege usiku. Bibi yake anasema ni dege la shetani, na kwamba sindano itamuua. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa na kuogeshwa dawa kwa siku mbili. Siku ya tatu anafikishwa zahanati akiwa hajitambui. Ukweli ni kwamba degedege la mtoto mwenye homa katika nchi yetu mara nyingi ni dalili ya malaria kali, na malaria kali huweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Je, mganga huyu ana dhamana? Ikiwa alijua kuwa hajui, na akamzuilia mtoto asiende kwa anayejua, amekaribia sana hukumu ya hadithi hiyo. Lakini kama alimwona, akasema, "Mama, huyu mkimbizeni hospitali sasa hivi," amefanya utabibu bora kuliko dawa zake zote. Watafiti waliochunguza nafasi ya waganga katika malaria kali ya watoto huko Kilosa na Handeni, walioandika mwaka 2006, walikuwa wakishughulika na jambo hili hili: mganga anaweza kuwa ukuta au akawa daraja.

Dhamana hii haimhusu mganga peke yake. Mwuza duka la dawa anayetoa dawa za malaria bila ya kupima, na mhudumu anayemfokea mama mpaka akaapa kutorudi, nao waogope kuulizwa.

Maradhi ya kuambukiza na haki za maiti

Mwaka wa 18 Hijria (639), Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari ya tauni ya Amwas. Alishauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kiquraishi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari Yake nyingine. Ndipo Abdulrahman bin Awf (R.A.) akaleta hadithi aliyoisikia: msiuingie mji wenye tauni, wala msitoke humo kuikimbia. Huu ndio msingi wa karantini, na wasimamizi waliokuwa wakifuatilia siku 21 za waliogusana na wagonjwa Biharamulo walikuwa wakiifanyia kazi hekima hiyo hiyo.

Tauni kubwa ilipofika Andalusi mwaka 1348, Ibn al-Khatib wa Granada alitetea kuwa maambukizi yamethibiti kwa majaribio, uchunguzi na habari nyingi zinazoafikiana. Akasema dalili ya kunakiliwa ikionekana kupingana na yanayoshuhudiwa kwa macho, hutafutiwa tafsiri. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, alikuwa na rai tofauti juu ya maambukizi. Wanavyuoni walihitilafiana kwa adabu, kila mmoja na hoja zake.

Linalowatia watu uzito zaidi ni maiti. Kumwosha maiti ni faradhi ya kutosheleza, nasi tunaona ni aibu kubwa mzazi kuzikwa bila kuoshwa na wanawe. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg una kirusi kingi, na kuuosha kwa mikono mitupu ni kujitia katika maangamizi. Imam Nawawi (amefariki 676 Hijria) katika al-Majmuu alitaja kwamba maiti akiwa katika hali ambayo kumwosha kutauharibu mwili wake, au panahofiwa madhara juu ya mwoshaji, hutayamamishwa. Basi rukhsa hii imo katika vitabu vyetu karne nyingi kabla ya kirusi kujulikana. Mwezi Novemba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na ya heshima baada ya kushauriana na viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, na tayamamu ikawemo. Kwa hiyo familia isione kwamba maiti wao amedhulumiwa. Na timu za maziko nazo zisimtupe maiti kama mzigo. Ziwape jamaa nafasi ya kuswalia kwa mbali na kuliona kaburi.

Haki ya mwenye elimu

Limebaki jambo moja linalosahauliwa na wasomi. Mzee anayemwonyesha mtafiti mti wake ametoa amana. Si haki jina la mtafiti liende kwenye majarida, faida iende kiwandani, na kijiji kisirudishiwe hata habari ya matokeo. Sharia imekataza kula mali ya watu kwa batili, na manufaa ya elimu yana thamani. Mtafiti aombe idhini, aeleze anachotafuta, na arudi kuwaambia: mti huu umefaa, ule una sumu, acheni kuutumia. Mtafiti asiporudi, watu hujifunza kuficha, na dawa nyingi huzikwa pamoja na wenyewe.

Nasaha

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunawausia ndugu zetu mambo yafuatayo:

1. Homa yoyote ipimwe kwanza. Kipimo cha malaria huchukua dakika chache tu. Mti wa nyumbani usiwe sababu ya kuchelewa.

2. Mtoto mwenye degedege, mama mjamzito anayevuja damu, na mwenye homa na kutokwa damu, hawa ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

3. Maimamu wafundishe fiqhi ya maradhi na maziko kabla ya mlipuko kufika. Siku ya msiba si siku ya kuanza darsa.

4. Mganga wa miti shamba asajiliwe, aache kutumia wembe mmoja kwa watu wawili, na aone fahari kumpeleka mgonjwa mbele. Asemaye "sijui" amefikia nusu ya elimu.

5. Anayeficha dawa yake isionekane, na anayetaja mchawi wa mtu, tumwepuke. Dawa ya kweli haiogopi kutazamwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Biharamulo na Bukoba, awaponye wagonjwa wetu, na awape waganga, madaktari na watafiti wetu elimu yenye manufaa na uaminifu wa kuitumia. Wallahu aalam.